Tunaipenda Kazi, au Tunaupenda Ukuta Uliokwisha Kupakwa?

Nyuma ya mlango wa chumba chetu cha kulala kuna mchirizi wa rangi wenye urefu wa kidole kimoja, uliotiririka na kukauka kabla sijauona, na tangu siku ile nimekataa kuupiga msasa. Wageni hawauoni. Mimi huuona kila nifungapo mlango, na sijawahi kuuona bila kutabasamu. Lakini najua vyema kwamba kama mchirizi huo ungeachwa na fundi niliyemlipa, ningemwita arudi siku ileile aje auondoe, tena pengine kwa maneno makali. Upendeleo huo ninaojipa mwenyewe ndio ulionifanya nijiulize kama sisi tunaokarabati nyumba zetu kwa mikono yetu huifurahia kazi yenyewe, au tunafurahia kitu kingine kinachoambatana nayo.

Ugumu wa kwanza wa swali hili ni kwamba jibu hubadilika kulingana na saa unayouliza. Mwulize mtu kabla hajaanza, akiwa ameshika tepu ya kupimia na kalamu, akichora rafu kwenye karatasi, naye atakwambia kwamba hakuna raha kama hiyo. Mwulize tena kazi ikiwa nusu, vyombo vya jikoni vikiwa vimelundikwa sebuleni, vumbi likiwa limeingia hata kwenye kabati la nguo, na skrubu moja muhimu ikiwa imepotea, halafu usikilize atakavyokujibu. Mwulize mara ya tatu wiki moja baada ya kazi kwisha, naye atakuwa amekwisha kusahau ile hasira ya katikati na ataanza kukuonyesha ukuta wake kama mzazi anayeonyesha mtoto. Majibu yote matatu ni ya kweli, na kwa hiyo yeyote anayesema kwa mkato kwamba anapenda au anachukia kazi hizi, mimi hutaka kwanza kujua alikuwa amefika wapi alipoulizwa.

Ile hali ya katikati huwa mbaya zaidi kwa sababu tunaanza na hesabu za uongo. Mwaka 1979 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza kosa la upangaji ambalo karibu kila mwenye nyumba analifahamu hata kama halijui kwa jina: mtu hukadiria muda na gharama ya kazi kana kwamba kila jambo litakwenda sawa, ilhali uzoefu wake mwenyewe unamwonyesha kwamba halijawahi kwenda sawa hata mara moja. Kahneman alitoa mfano wa uchunguzi uliofanywa Marekani mwaka 2002 kwa watu waliokarabati vyumba vyao vya kupikia, ambao kwa wastani walijikuta wamelipa zaidi ya mara mbili ya walichotarajia. Basi anayefanya mwenyewe hulipa kwa sarafu ya jioni zake. Kazi aliyosema ni ya siku moja inakula jioni tano, na kuanzia jioni ya tatu hakuna anayeimba tena.

Kuna utafiti mwingine ambao naurudia mara nyingi kichwani, uliochapishwa mwaka 2012 na Michael Norton, Daniel Mochon na Dan Ariely. Waliwapa watu kazi ndogo za kuunda vitu kwa mikono, kama vile kuunganisha masanduku yanayouzwa yakiwa vipandevipande na kukunja karatasi ziwe umbo la korongo au chura. Walioliunganisha sanduku wenyewe walikuwa tayari kulilipia asilimia 63 zaidi ya wale waliokabidhiwa sanduku lililokwisha kuunganishwa, na waliokunja karatasi walivithamini vitu vyao vidogo vilivyopinda karibu sawa na vilivyokunjwa na wajuzi. Wahenga walikwisha kusema kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda, na nadhani cha kujitengenezea kina unyemi zaidi ya hapo. Hata hivyo sehemu ya utafiti inayonigusa mimi ni nyingine. Wale ambao hawakuimaliza kazi yao hawakuonyesha mapenzi hayo ya ziada. Jasho pekee halikutosha. Ilibidi kitu kisimame mbele ya aliyekitengeneza kikiwa kimekamilika.

Nikiyaweka haya pamoja, naona kwamba wengi wetu tunaposema tunafurahia ukarabati tunasema juu ya mwisho wake. Tunapenda kuwa tumemaliza, na hilo nalo ni jambo halali kabisa, kwa kuwa hata mkimbiaji huweza kupenda mbio alizozimaliza kuliko anazoendelea kuzikimbia. Lakini wapo watu wachache ambao huipenda kazi yenyewe ikiwa ingali mikononi, na ninaamini kwamba kipimo cha kuwatambua ni kimoja tu, nacho ni maandalizi.

Nitaeleza kwa aibu jinsi nilivyolijua hili. Miaka michache iliyopita nilipaka rangi ukuta wa jikoni, ule ulio karibu na meko. Nilinunua rangi nzuri, brashi nzuri na rola mpya, nikaanza asubuhi na kufikia alasiri ukuta ulikuwa unang'aa. Nilifurahi mno siku ile. Baada ya miezi mitatu rangi ilianza kutoa mapovu, kisha ikawa inabanduka vipande vipana kama ganda la ndizi. Nilimwita fundi mmoja mzee, aliyeupapasa ukuta kwa vidole, akainusa ile rangi iliyobanduka, halafu akaniuliza kwa upole, "Mama, uliuosha ukuta kabla ya kupaka?" Sikuwa nimeuosha. Mafuta ya mapishi ya miaka yalikuwa yametandazwa juu ya ukuta ule kama ngozi nyembamba, na rangi yangu ilikuwa imeshikana na mafuta badala ya kushikana na ukuta. Fundi hakunicheka, jambo ambalo kwa kweli liliniuma zaidi.

Kupaka rangi ndilo jina la kazi, lakini kupaka ni sehemu ndogo sana ya kazi hiyo. Kabla ya kupaka kuna kuhamisha fanicha, kufunika sakafu, kuosha ukuta kwa sabuni na kuusuuza, kukwangua rangi iliyolegea, kuziba nyufa na matundu ya misumari kwa pati, kusubiri pati ikauke, kuipiga msasa, kufuta vumbi, na kupaka rangi ya kwanza ya kushikia. Kama ukuta umetoka kupigwa plasta ya saruji, kuna kusubiri wiki kadhaa, kwa sababu plasta mbichi bado ina maji na ukali wa chokaa unaoweza kuharibu rangi. Hakuna jirani anayepita akasema, "Hongera, umeosha ukuta vizuri." Maandalizi hayaonekani yakifanywa sawasawa, yanaonekana tu yakirukwa, na hapo ndipo penzi la kazi hupimwa.

Msasa ni mfano bora zaidi, na wenzangu wanaochukia vumbi watanisamehe nikikaa hapa kidogo. Namba iliyoandikwa nyuma ya karatasi ya msasa huonyesha ukubwa wa chembe, na kadiri namba inavyopanda ndivyo chembe zinavyokuwa laini. Mtu anayelainisha ubao wa meza huanza kwa 80 ili kuondoa mikwaruzo mikubwa, akahamia 120, kisha 180 au 220, kila mara akifuata mwelekeo wa nyuzi za mti. Kila hatua kazi yake ni kuifuta mikwaruzo iliyoachwa na hatua iliyotangulia. Mwenye haraka huruka kutoka 80 hadi 220, anaupapasa ubao na kuuona laini, kisha anapaka vanishi, na vanishi hiyo inaibua kila mkwaruzo aliodhani umetoweka. Nimewahi kumtazama ndugu yangu mmoja akipiga msasa mlango kwa saa nne bila redio wala mazungumzo, akisimama tu kuupapasa kwa kiganja na kuuinamia ili autazame kwa mwanga wa pembeni. Sikumwuliza kama anafurahia. Chai niliyomwekea ilipoa, nikamwekea nyingine, nayo ikapoa.

Kusubiri nako ni sehemu ya kazi ambayo haitajwi. Nilipokuwa nikikarabati kidaraja kilichovunjika mbele ya mlango, nilidhani saruji hukauka kama nguo, kumbe huwa ngumu kwa kuungana na maji, na ikikaushwa upesi na jua inabaki dhaifu. Kwa hiyo niliifunika na kuimwagilia maji kwa siku saba kana kwamba ni kitalu cha mboga, huku watu wa nyumbani wakiruka juu yake na kulalamika. Wahandisi huipima zege nguvu yake ikiwa na umri wa siku 28. Mimi nilijizuia kuikanyaga kwa wiki moja, na nakiri kwamba katika wiki hiyo sikuwa na furaha yoyote niwezayo kuielezea.

Ningekuwa sijasema ukweli wote kama ningeishia hapo, kwa maana yapo mazingira ambayo swali la kufurahia halina hata nafasi ya kuulizwa. Mtu anayepanda juu ya paa usiku kwa sababu maji yanamwagikia kitanda cha mtoto, na ambaye hana fedha za kumlipa fundi, hafanyi burudani. Anaweza kuwa anatumia nyundo ileile na misumari ileile kama ninayotumia mimi Jumamosi, lakini mimi nina uhuru wa kuiweka nyundo chini na kusema nimechoka, na yeye hana. Naona kwamba uhuru huo wa kuacha ndio unaoifanya kazi ngumu iwe tamu. Maandishi mengi yanayosifu kujifanyia mwenyewe huusahau, yakawasifu watu kwa ubunifu ambao kwa kweli walilazimishwa nao. Methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta hunukuliwa kila mara katika mazungumzo haya, nami huipenda, ila haisemi ni nani azibe huo ufa, wala kwamba azibe huku akipiga mluzi.

Kwa anayeweza kuchagua, ushauri wangu ni achague kazi ndogo inayoanza na kwisha ndani ya siku moja. Koki inayodondosha maji ni mwalimu mzuri sana. Unafunga valvu kuu, unaifungua koki kwa spana, unatoa kipira kilicholika, unaweka kipya cha ukubwa uleule, unafunga, na sauti ya matone iliyokuudhi kwa mwezi mzima inakoma. Kama kuna kiungo chenye nyuzi za kukazia kama za skrubu, unakizungushia utepe mweupe kwa kuufuata mwelekeo wa kukazia, maana ukiuzungusha kinyume utajikunjua wenyewe unapokaza. Nusu saa inatosha. Na mtu aliyetengeneza koki moja huiangalia nyumba yake kwa jicho jingine, kwa kuwa amekwisha kujua kwamba nyuma ya vitu vinavyong'aa kuna vipira na skrubu ambavyo hata yeye anaweza kuvielewa.

Zipo pia kazi ambazo sizigusi na sioni fahari yoyote katika kuzigusa. Nyaya za umeme, mabomba ya gesi, na ukuta wowote ambao huenda unabeba uzito wa paa au ghorofa ya juu, hivyo namwachia mwenye ujuzi na leseni. Nyumba za zamani zina hatari nyingine zisizoonekana. Rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi, ambayo nchini Marekani yalipigwa marufuku katika rangi za nyumba mwaka 1978, na kuipiga msasa rangi ya namna hiyo ni kugeuza sumu kuwa vumbi la kuvutwa na watoto. Asbesto, yaani nyuzi za madini zilizochanganywa katika baadhi ya vifaa vya ujenzi vya zamani, nayo ni vivyo hivyo ikikatwa au kuvunjwa.

Jambo la mwisho ni kwamba kazi hizi hufanyika mbele ya watu tunaoishi nao, na furaha ya mmoja inaweza kuwa kero ya mwingine. Mimi na mume wangu tulibishana nusu siku kuhusu rafu moja. Niliiweka kwa pima maji, kile kifaa cha kupimia unyoofu, kiputo kikakaa katikati kabisa, nikashuka kwenye ngazi nikiwa nimeridhika, naye akasimama mlangoni na kusema imepinda. Kumbe dari ndiyo iliyopinda, na rafu iliyonyooka chini ya dari iliyopinda huonekana mbovu. Nilitaka kuiamini pima maji, yeye akataka kuyaamini macho. Mwishowe tuliishusha upande mmoja kidogo sana ili ifuatane na dari, na vitabu havijateleza hadi leo, ingawa moyoni nimebaki na ubishi wangu.

Ule ukuta wa jikoni niliurudia mwaka jana. Siku ya kwanza niliukwangua, siku ya pili nikauosha mara mbili na kuusuuza, siku ya tatu nikaziba na kupiga msasa, na brashi ya rangi sikuishika hadi siku ya nne. Nilikuwa nimeapa kujichunguza kwa makini ili nijue kama ninafurahia. Siku mbili za kwanza jibu lilikuwa hapana, bila shaka yoyote. Siku ya tatu, mchana, nilikuwa nikiupapasa ukuta kwa kiganja nikitafuta vinundu, mume wangu akaniita kula, na nilipofika mezani niligundua kwamba alikuwa amekwisha kuniita mara mbili kabla ya hapo.