Kanuni za Wachoraji, Jicho la Mpigapicha

Kila anayeanza kujifunza kupiga picha hufundishwa mapema kuigawa fremu kwa mistari miwili ya wima na miwili ya mlalo, kisha kukiweka kilicho muhimu pale mistari hiyo inapokatana. Ni wachache wanaoambiwa kwamba kanuni hiyo ya theluthi ilipewa jina mwaka 1797 na msanii wa Uingereza, John Thomas Smith, katika kitabu kuhusu mandhari za mashambani, miongo kadhaa kabla ya kamera kuhifadhi picha yake ya kwanza. Smith alikuwa akizungumzia michoro: nchi na maji vichukue sehemu gani, na anga ibakiwe na sehemu gani. Ninalitaja hilo kwa sababu ubishi kuhusu mpangilio na ubunifu katika picha za sanaa haueleweki vizuri bila kukumbuka kwamba sheria tunazozitetea au kuzikataa tulizirithi kwa wachoraji.

Wanaozitetea sheria hizo wana hoja nzito kuliko inavyokubaliwa siku hizi. Macho mawili ya binadamu hutenganisha kilicho mbele na kilicho nyuma bila sisi wenyewe kujua, ilhali lenzi huvigandamiza vyote juu ya karatasi bapa. Ndiyo maana nguzo iliyosimama mbali nyuma ya mtu huonekana pichani kana kwamba imeota utosini mwake. Mpigapicha asiyejifunza kupanga nafasi, mistari, mwanga na kivuli huiacha hisia yake ipotee katika vurugu hiyo, hata kama alichokiona kilimgusa mno. Shahidi wao mkuu ni mpigapicha Mfaransa Henri Cartier-Bresson, aliyesomea uchoraji kwa mchoraji André Lhote kabla ya kuishika kamera kwa dhati. Katika picha aliyoipiga mwaka 1932 nyuma ya kituo cha treni cha Saint-Lazare mjini Paris, mtu anaruka juu ya maji yaliyotuama, taswira yake inajirudia majini, na bango lililo nyuma yake linaonyesha mchezaji dansi naye akiwa ameruka. Hakuna ambaye angeyapanga hayo kwa hesabu katika muda ule mfupi. Ni jicho lililozoeshwa kwa miaka ndilo lililoyatambua.

Upande wa pili hupenda kumnukuu mpigapicha Mmarekani Edward Weston, aliyesema kwamba kuziuliza kanuni za mpangilio kabla ya kupiga picha ni kama kuiuliza sheria ya mvutano wa dunia kabla ya kwenda kutembea. Ni kauli nzuri, lakini anayeinukuu akumbuke kwamba Weston huyohuyo alihangaika na pilipili hoho negativu baada ya negativu, hadi mwaka 1930 alipoiweka moja ndani ya faneli ya bati na mwanga ukalizunguka umbo lake alivyotaka. Aliukataa mwongozo ulioandikwa. Nidhamu hakuiacha hata siku moja.

Mfano wenye uzito zaidi kwa wapenda uhuru ni Robert Frank, mpigapicha Mswisi aliyezunguka Marekani kwa gari katikati ya miaka ya 1950 na kutumia roli 767 za filamu. Kitabu chake, The Americans, kilipotoka Paris mwaka 1958 na Marekani mwaka uliofuata, wahakiki wa jarida la Popular Photography walilalamikia ukungu, chembechembe na mistari ya upeo iliyopinda. Walichokiita uzembe kilikuwa ndicho kiini cha kazi, kwa maana picha zilizonyooka na kung'aa zisingeweza kuubeba upweke aliouona Frank. Hata hivyo, picha ya tramu ya New Orleans, iliyo katika kitabu hichohicho, ina mpangilio mkali kuliko picha nyingi za kanuni: nguzo za madirisha zinawakata abiria katika vyumba vidogo vilivyopangana, Wazungu mbele na Weusi nyuma. Mistari ile Frank hakuiazima kwenye kitabu cha uchoraji. Ilikuwa ni sheria ya ubaguzi yenyewe, imesimama mbele ya lenzi, na yeye akawa na akili ya kuiacha ipange picha. Tena, kati ya maelfu ya fremu alichagua 83 tu, jambo linaloonyesha kwamba sehemu kubwa ya utunzi wake ilifanyika mezani.

Hapo ndipo ninapoegemea. Mchoraji huanza na turubai tupu na kuongeza. Mpigapicha huanza na dunia iliyojaa na kupunguza, na maamuzi yake makubwa ni asimame wapi, abofye lini na aache nini nje ya ukingo. Kanuni ya mahali pa kuweka vitu huja ikiwa imechelewa. Seydou Keïta, mpigapicha wa Mali aliyefungua studio yake Bamako mwaka 1948, aliwaweka wateja waliovaa vitambaa vya maua mbele ya pazia lenye nakshi zake, jambo ambalo mwalimu yeyote wa mandharinyuma tulivu angelikataza. Mwili unakaribia kuyeyuka ndani ya nakshi, na uso pamoja na mikono vinajitokeza kwa heshima kubwa.

Siku hizi, hata hivyo, mpaka kati ya kuongeza na kupunguza umelegea. Mpigapicha Mjerumani Andreas Gursky alipotengeneza Rhein II, picha ya mto Rhein, mwaka 1999, alitumia kompyuta kuyafuta majengo na watu, akabakisha mikanda ya mlalo ya nyasi, njia, maji na anga. Mbele ya kazi kama hiyo watetezi wa kanuni za zamani wana haki ya kurudi na maswali yao yote, kwa kuwa aliyefuta jengo hawezi tena kusema kwamba aliikuta dunia hivyo; ukingoni mwa mto wenyewe, hakuna mahali ambapo mtu angesimama akaipata picha ile.