Mke wa Mwenye Duka Hayumo Kwenye Leseni

Ndugu na marafiki wakinipigia simu kutoka Tanzania huniuliza mtaji unapatikanaje huku Ujerumani. Mimi naona cha kuiga huku ni jinsi mume na mke wanaofanya biashara pamoja wanavyowekana sawa mapema, kabla fedha haijawa nyingi.

Nafanya kazi kwenye kampuni ndogo ya kupaka rangi nyumba, mali ya mume na mkewe. Mume anashinda saiti. Mke ndiye anayeandika ankara, kufuatilia wadaiwa na kulipa mishahara. Mwisho wa mwezi anachapa hati za mishahara za mafundi wote, na yake imo humo humo. Ameajiriwa na mumewe kwa mkataba, anakatwa kodi, anachangiwa pensheni. Ofisi ya kodi inakubali mshahara huo kuwa gharama ya biashara, alimradi kazi iwe ya kweli na malipo yawe ya kawaida.

Sasa nenda duka lolote la vifaa vya ujenzi kwetu. Mama ndiye anayefungua asubuhi, anapokea mzigo, anajua fulani kakopa mifuko mingapi ya saruji, na usiku anafunga. Leseni ina jina la baba, namba ya mlipakodi (TIN) ya baba, akaunti ya baba. Ukimuuliza anafanya kazi gani atakwambia, "Namsaidia tu mzee dukani." Mzee akifariki, mashemeji wanaulizia funguo hata arobaini haijafika.

Inaniuma zaidi kwa sababu sheria tunayo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimpa mke haki sawa na mume ya kumiliki mali na kuingia mikataba. Wakati huo, Ujerumani Magharibi mke aliruhusiwa kuajiriwa ikiwa tu kazi haikugongana na wajibu wake wa ndoa. Sharti hilo liliondolewa mwaka 1977. Na mwaka 1983 Mahakama yetu ya Rufani, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilikubali kuwa kazi za nyumbani nazo ni mchango katika mali ya ndoa.

Kinachotuangusha ni malezi. Tumefundishwa kwamba mwanamume hamwonyeshi mkewe daftari la mauzo, na mke mwema haulizi. Ndiyo maana benki ikidai ridhaa ya mwenza kabla ya kuipokea nyumba kama dhamana, wengi wanaona usumbufu. Wapo wanaokula kiapo kwa wakili kwamba hawana mke, na mke yupo nyumbani anamsubiri kwa chakula. Anakuja kujua nyumba iliwekwa rehani siku dalali anapogonga geti. Mke huyo huyo angeulizwa tangu mwanzo, angesema duka haliwezi kubeba riba ile, maana yeye ndiye anayehesabu mauzo kila jioni.

Huku wenye biashara wengi wanakwenda kwa mthibitishaji, yaani mwanasheria anayethibitisha mikataba, kuandikiana mkataba wa mali, kwa sababu bila huo, wakiachana, aliyechuma zaidi wakati wa ndoa anamlipa mwenzake nusu ya tofauti, na kampuni inaweza kuyumba. Kwetu watasema huko ni kuoana huku mkisubiri talaka. Sikubaliani nao hata kidogo. Watu wanaoweza kuzungumzia hayo wakiwa bado wanapendana wanaaminiana kuliko wanaofichana salio la simu.

Kuna jambo tunawazidi, nalo ni watu. Bosi wangu wa kike aliandika ankara huku amempakata mtoto, hana wa kumpokea. Kwetu bibi na mama wadogo wangepokezana.

Mdogo wangu anataka kununua lori la pili. Nimemwambia kwanza aongozane na shemeji, wasajili kampuni BRELA, wakala wa usajili wa biashara, na hisa ziandikwe kwa majina yao wote wawili. Anaogopa watu watasema kawekwa kiganjani. Waache waseme. Lori la kwanza lilinunuliwa kwa fedha za duka, na aliyekaa dukani ni shemeji.