Nyoka wa Shaba Bado Anafukiziwa Uvumba

Ukitaja ibada ya sanamu mbele ya waamini, wengi hufikiria vinyago, hirizi na waganga. Wanatikisa kichwa, wanasikitika, kisha wanaendelea na yao, maana hayo ni ya watu wengine. Mimi naona sanamu zinazotusumbua sisi hazikutoka kwa mganga. Nyingi zilitoka mkononi mwa Mungu mwenyewe, zikiwa baraka.

Chukua habari ya nyoka wa shaba. Musa hakumtengeneza kwa ukaidi, aliagizwa. Hesabu 21 inasimulia watu walioumwa na nyoka jangwani, na kila aliyemtazama yule wa shaba akapona. Karne kadhaa baadaye, katika 2 Wafalme 18, tunamkuta bado yupo, na watu wanamfukizia uvumba. Hatuambiwi walianza lini. Nadhani hakuna aliyeiona siku hiyo ikifika. Kilichokuwa kumbukumbu ya uponyaji kilitunzwa, kikaheshimiwa, mwisho kikaanza kuombwa. Na nani angethubutu kukikemea, wakati ni kazi ya Musa?

Ndivyo inavyokuwa kwa kazi uliyoifungia na kuiombea. Ulipoipata ulitoa ushuhuda, ukalia machozi ya shukrani. Leo simu ya kazini imelala juu ya Biblia iliyofunguliwa, kioo kikitazama juu. Ujumbe wa bosi unaingia katikati ya maombi, nawe unasema "Amina" pamoja na wenzako huku kidole gumba kinaandika, "Sawa mkuu, nalishughulikia."

Mtu huyu hajamkana Mungu, na hapo ndipo pagumu. Haruni, ndugu yake Musa, naye hakuwaambia Waisraeli wamwache Bwana. Soma Kutoka 32 polepole: ndama amekwisha kutengenezwa kwa vipuli vyao vya dhahabu, madhabahu imejengwa, halafu tangazo linasema kesho ni sikukuu kwa Bwana! (Alipobanwa na Musa akajitetea kwamba aliitupa dhahabu motoni, akatoka ndama. Yaani ndama alijitokea tu.) Sanamu mara chache humwambia mtu amfukuze Mungu. Huomba kiti pembeni, na jina la Mungu hubaki limeandikwa pale pale mlangoni.

Watu hupima jambo hili kwa kiasi cha upendo: je, unampenda mtoto wako kuliko Mungu, unapenda fedha kuliko Mungu? Sioni kama kipimo hicho kinasaidia, kwa sababu sote tuna jibu la Jumapili. Mimi ningeuliza: ni kitu gani, ukitishiwa kunyang'anywa, utasema uongo ili kibaki? Anayesaini hesabu za uongo ili asipoteze cheo ameshalijibu lile swali ambalo nabii Eliya aliwauliza Waisraeli mlimani Karmeli, watasitasita hata lini kati ya Bwana na Baali, hata kama asubuhi aliimba kwaya.

Na viongozi wa kiroho wasijitoe. Gideoni, mwamuzi wa Israeli, alibomoa madhabahu ya Baali ya baba yake, akakataa hata ufalme akisema Bwana ndiye atakayewatawala. Kisha akakusanya vipuli vya dhahabu vya nyara, akatengeneza naivera, vazi la kikuhani, akaiweka mjini kwake Ofra, nayo ikawa tanzi kwake na kwa nyumba yake. Huduma inayojengwa juu ya jina la mtumishi mmoja, mafuta yake, picha yake ukutani, inatembea njia hiyo hiyo.

Kuna wanaosikia haya wakadhani tunatakiwa kuchukia kila kizuri: uache kazi, uvunje simu, usimfurahie mtoto. Mfalme Hezekia, yule wa 2 Wafalme 18, hakufanya hivyo. Ni kweli, alimvunja nyoka wa Musa vipande vipande. Lakini vyombo vya hekalu ambavyo mfalme Ahazi alikuwa amevitupa, 2 Mambo ya Nyakati 29 inasema wakati wa Hezekia vilitengenezwa, vikatakaswa, vikarudishwa mbele ya madhabahu ya Bwana.