Mnihesabie betri, si Prismatic Shard

Wachezaji wa Stardew Valley, gemu ya kuendesha shamba, ninaowajua hapa Nairobi wana ugonjwa mmoja: Prismatic Shard. Salamu haijaisha, ushaulizwa, "Umefikisha ngapi?" Kijiwe hicho chenye rangi zote za upinde wa mvua kimekuwa kipimo cha nani anaijua gemu na nani anababaisha. Mimi nasema mali adimu iliyobuniwa kwa akili kuliko zote humo ni betri.

Hebu angalia shida ya hicho kijiwe. Wanaokisaka hukimbilia Skull Cavern, pango la jangwani ambalo huingii mpaka basi litengenezwe na uwe umeshuka hadi ngazi ya 120 ya mgodi kuchukua ufunguo. Ukitegemea kumpelekea mhunzi Omni Geode, mawe yenye vitu vimefichwa ndani, azipasue, uwezekano ni asilimia 0.4. Basi watu wanaamka, wanawasha televisheni kusikia mpiga ramli anasemaje kuhusu bahati ya leo, wanabeba mabomu na kahawa, mbio. Siku ya gemu, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nane usiku, ni kama dakika 14 zetu; pangoni inakwenda polepole kidogo, lakini nyoka wenye mabawa hawakupi nafasi ya kulifurahia hilo. (Kulikuwa hata na waliompa mhusika wao jina la 74 ndani ya mabano, namba ya kijiwe hicho kwenye gemu, ili kila jirani akilitaja wapate shard ya bure. Mtu akifika hapo, gemu imeshamshinda.)

Sasa mtu ametoka kibaruani Industrial Area, matatu imekwama Roysambu, anatoa simu apumzike, kumbe anaanza kukimbizana na saa upya. Mihangaiko tunayo ya kutosha.

Betri haikimbizwi. Unasimamisha nguzo ya kunasa radi shambani na kuendelea na mambo yako. Siku ya ngurumo, radi ikiipiga nguzo, inaanza kutetemeka. Kesho yake unakuta kiputo juu yake na betri ndani. Na siku hiyo nguzo hiyo hiyo imeokoa mimea yako. Huku kwetu mvua ikinyesha nauli inapanda na stima inapotea. Humo ndimo mahali pekee ninapofurahi kusikia ngurumo.

Kuna rafiki yangu hunipinga kwamba kusubiri si kucheza. Nani kasema ukae bure? Nenda Secret Woods, msitu uliojificha, na shoka la chuma cha pua, visiki 6 vikubwa vinakupa mbao ngumu 12 kila siku, bila ramli.

Halafu tazama mali hizi zinakununulia nini. Shard ya kwanza wengi huipeleka kwenye nguzo tatu za jangwani, wanapewa Galaxy Sword, wanarudi pangoni kupigana zaidi. Betri moja, kipande kimoja cha dhahabu na kimoja cha iridiamu, madini adimu, vinakupa kinyunyizio kinachomwagilia miraba 24 kila asubuhi wewe ukiwa bado kitandani. Ni kweli, iridiamu yenyewe itakurudisha pangoni, hilo sibishi. Lakini angalau unakwenda huko ili baadaye usihitaji kuamka na ndoo. Eric Barone aliiunda gemu hii peke yake kwa zaidi ya miaka 4 kabla ya kuitoa 2016, na katika betri namwona mtu anayejua kusubiri.

Kama ndiyo unaanza, tarehe 13 na 26 za kiangazi huwa na radi kila mwaka, na majira ya baridi hayana kabisa. Jenga nguzo mapema: kila moja inataka kipande cha chuma, kwatzi iliyosafishwa na mabawa 5 ya popo. Mabawa ndiyo hukwamisha watu. Usiyauze.