Insha isiyo na moshi

Yeyote anayepanga mashindano ya insha hapa Goma, naomba anisikilize kidogo, maana hasira hii imekataa kulala.

Kulikuwa na konkuru, yaani shindano, ya wanafunzi wa sekondari kwa ajili ya ile siku ya misitu, Machi 21. Mada: msitu na mazao yake, vijana tufanye nini. Nilienda kwa sababu mtoto wa kaka yangu alikuwa ameandika. Washindi watatu wakasoma insha zao kwenye maikrofoni, na wote watatu wakaanza na mapafu. Msitu wa Kongo ni mapafu ya dunia. Tusikate miti. Ukikata mmoja, panda kumi. Vizazi vijavyo. Ukumbi ukapiga makofi. Ungechanganya zile karatasi, hata mama mzazi asingejua ipi ni ya mwanawe. Virunga, hifadhi iliyo jirani yetu, ilitajwa mara moja, kwa ajili ya gorila. Makala, yaani mkaa wa kupikia, hayakutajwa kabisa. Watu wa Goma tunaandika juu ya msitu bila makala! Ni kama kuandika juu ya Ziwa Kivu bila sambaza, samaki wake wadogo.

Huyu mtoto wetu aliandika juu ya makala. Aliangalia gunia la kwao linavyoisha kabla mwezi haujaisha, akaenda kumwuliza mama anayeuza kwenye kona yanatoka wapi. Akajibiwa: "Haya ni ya Masisi, ya miti ya kupandwa. Yale mengine usiulize." Akaiandika sentensi hiyo kama alivyoisikia. Karatasi ikarudi na kalamu nyekundu pembeni: umetoka nje ya mada. Jioni akaniuliza, "Shangazi, kwani makala si zao la msitu?"

Nimjibu nini?

"Yale mengine usiulize." Katika ukumbi wote ule hakuna aliyesema jambo zito kuliko hilo, na mwenye kulisema hakualikwa. Kila mama wa hapa anayechemsha maharage anayajua makala yake: ya mikaratusi huisha upesi, ya miti migumu ya porini hukaa. Ndiyo maana ya porini hutafutwa, na pori lililo karibu nasi ni hifadhi. Mwaka 2007 gorila wa milimani waliuawa Virunga, picha zikazunguka dunia nzima, watu wa Ulaya wakalia. Nyuma ya habari ile kulikuwa na biashara ya makala, haya haya ya kwenye mbabula zetu, majiko yetu ya makala. Walinzi wa hifadhi wamezikwa kwa miaka mingi sasa. Aprili 2020 pekee waliuawa kumi na wawili kwa shambulio moja karibu na Rumangabo. Wenye bunduki wanaoishi humo msituni wanakula wapi kama si kwenye gunia linalopita njiani likitozwa kila kizuizi? Na mwisho wa ile njia yuko nani? Ni mimi, na wewe, na yule bwana wa jury, mmoja wa waamuzi, aliyekunywa chai asubuhi kabla ya kuja kutufundisha mapafu.

Halafu kuna kuni. Mwaka 1994 wakimbizi kutoka Rwanda, mamia ya maelfu, walikaa Kibumba, Katale na Mugunga, pembeni kabisa ya hifadhi. Walipikia nini? Mwaka ule ule UNESCO ikaiweka Virunga kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini, na mpaka leo haijaitoa. Juzi tu, kambi zilipojaa Kanyaruchinya na Bulengo, akina mama waliingia hifadhini kutafuta kuni wakijua kabisa wanayoweza kukutana nayo, na wengi walirudi wamebakwa. Haya, simama mbele ya mama kama huyo na karatasi yako iliyoshinda, umsomee: tusikate miti.

Nakubali, shingo upande, kwamba waandaaji wana hoja yao. Mtoto hatumwi kuchunguza biashara ya wenye silaha. Akiandika jina lisilotakiwa, shida itaingia nyumbani kwao. Hilo silifanyii mzaha, tunajua tunaishi wapi. Lakini huyu hakutaja jina la mtu. Alieleza gunia la jikoni kwao. Kama gunia la jikoni nalo ni siri, basi tuseme wazi kwamba tunawafundisha watoto kunyamaza, na tunawapa na cheti.

Tena mada ilisema "mazao yake". Mazao! Mji wenyewe ni mbao. Lava ya Nyiragongo ilipopita katikati ya Goma mwaka 2002, watu walirudi wakasimamisha nyumba za mbao juu ya mawe ambayo bado yalikuwa na joto, na mpaka leo mitaa mizima imejengwa hivyo, kwa sababu mbao ni nafuu kuliko matofali na nyumba unaweza kuibomoa ukahama nayo. Mbao za libuyu zinatoka Walikale na Ituri, nyingine zinapitiliza mpaka Uganda na Kenya bila sisi kuonja chochote. Na chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo, je? Mti mgumu, mkaratusi, raba ya tairi kuukuu, basi: gari linaloshuka na mamia ya kilo za viazi na, ndiyo, makala. Tumeisimamishia sanamu ya rangi ya dhahabu kwenye rond-point, pale barabara zinapozunguka, lakini kwenye insha za mazao ya mbao haikupata hata mstari. Kuna fundi mmoja wa chukudu ninayemfahamu, mzee mwenye maneno machache, anayeshika mti na kukuambia utapasuka au hautapasuka. Angekaa kwenye jury, ningelipa kiingilio.

Vyeti, kwa taarifa yenu, vilitolewa kwenye fremu nzuri za mbao nyekundu. Nilimwuliza kijana aliyekuwa anazigawa zimetoka wapi. Akacheka.

Kifaransa peke yake, pia. Mama wa kona alijibu kwa Kiswahili, mtoto akapoteza nusu ya ladha kwa kutafsiri. Hilo tutagombana siku nyingine.

Mtaniambia suluhisho ni umeme. Sawa, mtambo wa Matebe upo tangu 2015 na nyaya zinaonekana. Lakini maharage yanachemka saa nyingi, jiko la umeme lina bei yake, na anayenunua makala kwa kikopo hana pesa ya kulipa mbele. Mtoto aliyeulizwa vizuri angewaeleza hayo bila kusoma ripoti hata moja.

Kwa hiyo mwakani ulizeni swali moja tu: mbao za nyumba yenu na makala ya jikoni kwenu yametoka wapi, na kila aliyeyashika njiani alipata nini? Waruhusuni waandike kwa Kiswahili. Mwekeni mama wa makala mezani pamoja na mabwana wa tai. Na kama swali hilo linawatisha, liiteni shindano la kukariri, mumpe alama mwenye sauti nzuri.