"Yaani", "sio kwa ubaya" na maneno mengine yanayotia watu kero

Kila baada ya muda utakuta mtu mtandaoni kamwaga orodha ya maneno yanayomkera, "kiukweli", "unajua", "mwisho wa siku", "nadhani umenipata", na chini watu wanaongezea ya kwao mpaka unashangaa tunabaki na nini cha kuongea.

Wanaolalamika wana pointi. Mtu akisema "kiukweli" kila baada ya maneno manne unajikuta unahesabu badala ya kusikiliza, alafu unajiuliza yale aliyosema bila "kiukweli" alikuwa anatudanganya au?

Ila maongezi yana kasi bana. Kuna watafiti walipima mazungumzo kwenye lugha 10, utafiti ukatoka 2009, wakakuta kati ya mmoja kumaliza na mwenzake kudakia kwa wastani hata robo ya sekunde haifiki, sa muda huo utapanga sentensi gani? Ndo mtu anavuta "yaaaani", maana yake ngoja sijamaliza. Wanasaikolojia Herbert Clark na Jean Fox Tree nao waliandika 2002 kwamba hata "uh" na "um" za Kiingereza zina kazi, ya kwanza inaashiria kusita kidogo, ya pili kusita zaidi. Kwahiyo hizo mi nazisamehe, na ukijichunguza utaona "yaani" ya rafiki yako huisikii kabisa, ya mtu usiyempenda hazikupiti hata moja.

Zinazonishinda ni zile zinazomtwisha mzigo anayesikiliza. "Sio kwa ubaya, lakini umenenepa." Hapo ushasemwa na hata haki ya kununa huna, ukinuna unaambiwa si nilikwambia sio kwa ubaya? Watetezi watasema bora huyo anayetanguliza tahadhari kuliko anayekuchana tu, na kuna wakati ni kweli, mtu anataka kukwambia zipu iko wazi na hajui aanzie wapi. Mi naangalia kinachofuata baada ya "lakini", kama ni kitu naweza kukirekebisha hapohapo, asante sana. Zipu nitafunga. Unene nifanyeje saa hiyo?

Alafu kuna hii ya kwenye simu. "Mambo." Unajibu poa. Kimya. Baadae "Uko?" Niko. Kimya tena, na wewe umeacha kazi unaangalia "anaandika..." inatokea na kupotea, kichwani ushafika kwenye msiba au mkopo. Anayetuma anaona ndo heshima, huwezi kumvamia mtu na shida kabla hujamsalimia, na mkiwa mmekaa pamoja yuko sahihi kabisa maana salamu inajibiwa papo hapo na stori inaendelea. Kwenye meseji inakuning'iniza tu. Anayeandika "Mambo, naomba namba ya yule fundi ukipata nafasi" kasalimia, kasema shida yake, na namba anatumiwa hata kama uko bize.