Tulikuwa darasa kabla hatujawa parokia

Jumapili iliyopita, baada ya Misa ya pili, nilitoa shilingi 5,000 nikachukua kijitabu cha jubilei ya miaka 25 ya parokia yetu. Karatasi inang'aa, jalada la dhahabu. Nikakaa kwenye benchi la nje, jirani na meza ya maandazi ya WAWATA, chama cha wanawake Wakatoliki, nikaanza kufunua. Kurasa za mwanzo zote ni salamu. Kisha maparoko waliopita hapa, kila mmoja na picha yake, mwaka alioingia, mwaka aliohamishwa na alichojenga: huyu ukumbi, huyu kisima, huyu uzio, huyu groto, lile pango la kusalia, ya Bikira Maria. Baada yao waliochangia vigae, kwa majina na kwa kiasi. Na shule? Karibu na mwisho kabisa, sentensi moja: "Parokia pia inamiliki shule ya msingi inayofanya vizuri katika mitihani ya taifa."

Pia! Hilo "pia" ndilo lililoninyanyua kwenye benchi.

Maana sisi hapa, kabla hatujawa parokia tulikuwa kigango, tawi la parokia lisilo na padre wake, na kabla ya kigango tulikuwa darasa. Muulize bibi yeyote wa huku pembezoni mwa Dar es Salaam aliyekuwepo wakati barabara ni ya vumbi na mikorosho imefika mpaka mlangoni. Kanisa la kwanza lilikuwa banda la shule, makuti juu, udongo chini. Siku za kazi watoto wanaimba ba, be, bi, bo, bu. Jumapili meza ya mwalimu inatandikwa kitambaa cheupe na padre anaadhimishia Misa hapo, siku akifika. Asipofika, mwalimu anaongoza ibada, anazika, anasuluhisha ndoa, na Jumatatu asubuhi yuko ubaoni na chaki yake. Mama yangu, aliyeanza darasa la kwanza pale kabla ya Uhuru, anasema padre walimwona mara moja kwa mwezi, mvua ikiruhusu. Mwalimu walimwona kila siku, yeye na fimbo yake.

Ndiyo maana hata leo katekista tunamwita mwalimu. Ni mabaki ya enzi ambazo kazi hizo mbili zilikuwa za mtu mmoja, kwa mshahara mmoja, tena mdogo.

Wala hili si letu peke yetu. Mapadre wa Roho Mtakatifu walipofika Bagamoyo mwaka 1868 walianza na watoto waliokombolewa utumwani: kuwasomesha, kuwapa ufundi, kuwalimisha. Au chukua Pugu, si mbali na kwetu. Wabenediktini walifungua misheni pale mwaka 1888. Januari 1889, katika vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani, kituo kikavamiwa, wamisionari wengine wakauawa, wengine wakatekwa. Ungedhani hiyo ndiyo habari ambayo kila Mkatoliki wa Dar anaijua. Sasa mtajie mtu Pugu umsikie: atakutajia mnada wa ng'ombe, halafu atakutajia Mwalimu. Mwalimu Nyerere alifundisha Mtakatifu Maria kule Tabora, baadaye Mtakatifu Francis hapo Pugu, zote shule za misheni, akaacha kazi mwaka 1955 kwa sababu ya siasa za TANU. Jina ambalo nchi nzima inamwita mpaka leo limetoka kwenye darasa la aina ile ile ambayo kijitabu chetu kimeipa sentensi moja.

Na ni yeye huyo huyo aliyezichukua shule hizo. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilipopita, shule za misheni zilizokuwa zikipokea ruzuku zikawa za serikali, ya kwetu ikiwemo. Wazee wetu wengine wananung'unika mpaka kesho. Mimi nakubali, kwa shingo upande, kwamba alikuwa na hoja. Shule nyingi zilikuwa mikononi mwa makanisa, na mtoto wa jirani yetu Mwislamu alikuwa na milango michache sana ya kubisha. Lakini hata hayo hayamo kwenye kijitabu! Tumenyang'anywa shule, au tumeitoa kwa taifa, chagua unavyotaka, na hatukuona kwamba linastahili hata aya moja. Groto imepata ukurasa mzima.

Ngoja niseme nilichokiona kwa macho yangu. Mwaka juzi mdogo wangu alikuwa anataka kutangaza ndoa, nikatumwa kufuata cheti chake cha ubatizo. Vitabu vya enzi za kigango havipo kwetu, viko parokia mama. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 535, inaidai kila parokia iwe na vitabu hivyo na ivitunze. Katibu akaniletea kitabu kikubwa, mgongo umefungwa kwa gundi ya karatasi. Akakosea, akaleta cha zamani zaidi. Sikumwambia. Nikafunua polepole: wino umegeuka rangi ya chai, namba, tarehe, jina la mtoto, baba, mama, msimamizi. Kwenye safu ya msimamizi jina moja linarudi, chini yake tena, chini yake tena. Nilihesabu watoto 17 katika kurasa tatu. Nikampigia mama. Akacheka: "Huyo si mwalimu? Mtoto akikosa msimamizi, anasimama yeye."

Watoto 17 katika kurasa tatu tu. Kwenye kijitabu hayumo. Aliyechangia vigae 40 yumo, na picha ya familia.

Kwa nini? Mwanzo nilidhani ni uvivu. Sasa nadhani ni ada ya shule.

Baada ya shule ya kwanza kwenda serikalini, parokia ikajenga nyingine, hii ya mchepuo wa Kiingereza, yenye basi la njano. Nani aliijenga? Nakumbuka vizuri, nilikuwa kijana wa VIWAWA, chama cha vijana Wakatoliki. Kila jumuiya, yaani kundi la familia jirani zinazosali pamoja, ilipangiwa matofali, kila familia ikapewa kadi ya mchango, na kina mama walibeba mchanga vichwani Jumamosi nzima wakiimba. Leo, kwa ada yake, watoto wa wale kina mama wengi hawaioni shule ile isipokuwa siku ya mavuno, wakipita uani kuelekea choo. Sasa andika historia hiyo yote, na majina, na kadi za michango, halafu umpe bibi aliyebeba mchanga asome. Atauliza mjukuu wake anasoma wapi. Orodha ya maparoko na majengo yao haiulizi mtu swali.

Najua, najua. Walimu lazima walipwe, umeme haulipiwi kwa rozari, serikali haitoi ruzuku kwa shule ile, na shule za msingi za serikali hazina ada, anayeshindwa aende huko. Nimeambiwa hayo yote na mjumbe wa Halmashauri ya Walei, baraza la waumini, nilipomfuata na kijitabu changu mkononi. Sawa. Lakini hata nafasi tano kwa mwaka kwa watoto wa jumuiya, parokia nzima hii ya magari yanayokosa pa kuegesha? Alinijibu kwa upole kwamba maoni yamepokelewa. Kuhusu mwalimu akasema, kama nina picha yake niilete kwa ajili ya toleo lijalo.

Picha! Mtu aliyelipwa kwa mahindi nusu ya mwaka apate wapi picha?

Jioni nilimpelekea mama kijitabu. Akavaa miwani, akakisogeza karibu na dirisha, akapita maparoko wote bila neno. Alisimama kwenye picha ya uzio, ule unaotenganisha kanisa na shule ya serikali, akaugusa kwa kidole.

"Hapa palikuwa na mwembe. Ringi ya lori ilining'inia hapa, ndiyo kengele. Mwalimu akiigonga kwa nondo tunaisikia mpaka mtoni."

Akafunua ukurasa mwingine, akarudi tena.

"Waliipeleka wapi ile ringi?"